Tangazo si fursa, wakubwa

Wadau, leo naomba tugombane kidogo.

Kila wiki kwenye makundi ya wasomi wetu linapita tangazo jipya. "Fursa kwa watafiti vijana!" Mara mafunzo ya wiki mbili ya sayansi ya ubongo huko Ulaya, mara nauli ya kwenda kwenye mkutano Marekani, mara nafasi ya shahada ya uzamivu Ujerumani, mwisho wa kutuma maombi Ijumaa saa sita usiku. Rafiki analisambaza, mhadhiri analisambaza, ofisa wa serikali naye analisambaza. Kila mmoja anaongeza "changamkieni fursa vijana" na anaona ameshamaliza kazi. Mwaka ukiisha tunaambiwa vijana wa Kitanzania ni wavivu, hawaombi.

Mimi nasema tangazo si fursa. Tangazo ni karatasi. Fursa ni kijana aliyemaliza chuo kuwa na pa kukaa, ujira wa kula na kulipa pango, mkubwa wa kumwongoza, na swali lake mwenyewe analolitafutia jibu. Soma zile fomu za Ulaya vizuri. Haziulizi cheti peke yake. Zinauliza umeshafanya utafiti gani, nani mwalimu wako wa utafiti, na ukirudi kwenu utafanyia wapi kazi. Maswali matatu tu, lakini kijana wa Dodoma atayajibuje? Ataandika nini kwenye lile la tatu? "Nitarudi nyumbani kwa baba nisubiri ajira"?

Nimeichagua Dodoma kwa makusudi, na si kwa sababu naishi huku na vumbi lake. Hakuna mji nchini wenye sababu nyingi kuliko huu za kuwa nyumbani kwa watafiti vijana wa ubongo na sayansi za tiba.

Hebu tuhesabu. Kwenye vilima vya Chimwaga kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha udaktari. Jirani yake kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018 na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mjini kuna Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ipo tangu miaka ya 1920. Bunge linalopitisha bajeti lipo hapa. Wizara yenye neno "Sayansi" kwenye jina lake ipo Mtumba. Kwa bodaboda unaweza kupita kote huko ukawahi chakula cha mchana.

Halafu tumeifanyia nini Mirembe? Tumeifanya tusi. Mtu akibishana nawe unamwambia "wewe ni wa Mirembe". Watu wanacheka, basi. Karibu miaka mia moja ya wagonjwa wa akili kutoka kila kona ya nchi, na sisi wenyewe tumeona hapo mzaha kuliko maswali. Kwa nini huyu dawa inamshika na yule haimshiki? Kwa nini huyu alianza kuugua baada ya malaria ya kichwa utotoni? Hayo ni maswali ya kazi ya maisha mazima, na yamekaa hapo hapo nyuma ya ukuta tunaoupita na daladala.

Nchi yenyewe tunaiita Bongo! Jina lilianzia Dar, kwamba mjini usipotumia bongo huli. Sasa kijana anayetaka kuusoma ubongo wenyewe tunamwambia apande ndege. Nieleweke hapo: madaktari bingwa wanafundishwa Muhimbili, wanafundishwa KCMC, sibishi. Nazungumzia mtafiti, yule wa kukaa na swali moja miaka mitano.

Sasa tumfuate huyo kijana. Amemaliza shahada ya kwanza. Akitaka kuwa mkufunzi msaidizi chuo kikuu, kwa shahada zenye GPA anatakiwa awe na 3.8 kwenda juu. Mwenye 3.7 akatafute kwingine, hata kama ndiye aliyekuwa haondoki maabara mpaka mlinzi amfukuze. Mwenye 3.8 naye asubiri kibali cha ajira. Akipata kazi yoyote, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, ni haki yao, deni ni deni. Lakini mtu huyo hana tena akiba ya kujilipia shahada ya pili.

Kinachobaki ni kukusanya takwimu. Mradi umekuja, una mkataba wa miezi sita. Anapewa kishikwambi na dodoso, anazunguka Chamwino, Bahi, Mpwapwa, anabisha hodi kwa watu, anatafsiri maswali kwa Kigogo palepale kwa sababu aliyeyaandika hajui Kigogo. Takwimu zinapanda ndege. Mkataba unaisha. "Asante sana, tutakutafuta." Akiwa na bahati jina lake linatokea mwishoni mwa makala kwenye shukrani, pamoja na dereva. Mradi unaofuata anaanza tena pale pale, dodoso mkononi, umri umeongezeka miaka miwili.

Mtaniambia nalalamika tu. Haya, tuangalie majirani.

Kati ya mwaka 2018 na 2023 ulifanyika utafiti mkubwa wa vinasaba vya skizofrenia na ugonjwa wa bipola Afrika, unaitwa NeuroGAP-Psychosis, makumi ya maelfu ya watu walishiriki. Uliongozwa na Broad Institute na Harvard za Marekani. Washirika wake walikuwa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Pamoja nao ukaja mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 2017, GINGER, maalumu kwa watafiti vijana wa nchi hizohizo: kusoma takwimu za vinasaba, kuandika makala, kuandika maandiko ya kuomba fedha. Hiyo ndiyo fursa ninayoisema. Tanzania haikuwemo. Vijana wa Kampala walipitia hapo, wa Eldoret walipitia hapo, wa Kilifi walipitia hapo. Sisi tuna hospitali ya taifa ya akili yenye umri wa bibi zetu, na hatukuwemo.

Msikimbilie kusema tulionewa. Kilifi, mji mdogo wa pwani ya Kenya, ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu mwaka 1989. Walijenga kiti kwanza, mgeni alipofika akakuta pa kukaa. Na kiti hicho kilikuwa na vijana wa Kikenya wanaosomeshwa mpaka wao wenyewe wakaongoza. Fursa zinafuata mahali palipo na watu wa kuzipokea. Mahali pasipo na watu, tangazo linapita tu kama basi la mkoani lililojaa.

Na wala hatujakosa cha kutafiti. Magonjwa yetu yameifundisha dunia mara nyingi tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuwa Mahenge akitibu wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametengwa na jamii. Akaandika kuhusu watoto wanaotikisa kichwa kama mtu anayesinzia. Dunia ilikuja kushtuka miaka mingi baadaye, hali kama hiyo ilipozagaa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Makala yake kubwa ilitoka mwaka 1990 kwenye jarida la Brain, waandishi wanne, Mtanzania mmoja, Nicholas Mlingi.

Rudi hapa Dodoma, nenda Kongwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Johns Hopkins wamekuwa wakisoma trakoma pale, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo kutoka vijiji vya Kongwa kwamba kuwaosha watoto uso, pamoja na dawa, kunapunguza trakoma kali. Leo kuosha uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima. Watoto wa Kigogo ndio walioosha nyuso! Watanzania waliofanya kazi pale kwa miaka mingi wapo, na majina yao yamo kwenye makala, heshima yao. Lakini zaidi ya miaka thelathini ya utafiti wa kiwango cha dunia, kilomita themanini na kitu kutoka bungeni, ilitakiwa ituachie kituo kikubwa cha Watanzania cha kutafiti magonjwa ya macho na neva, chenye vijana wanaogombania nafasi za kuingia. Serikali gani ilikaa chini ikasema "mradi huu utatuachia nini"?

Kongwa hiyo hiyo, wazee watakumbuka, ndiyo ya mpango wa karanga wa Waingereza baada ya vita. Pesa nyingi, matrekta, wataalamu kutoka mbali, na mwaka 1951 ukafungwa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Walikuja na majibu yao, wakaondoka nayo. Utafiti si karanga, lakini somo ni lile lile: mradi usiootesha watu wa mahali hapo unaacha magofu.

Na pale Mtanzania alipopewa nafasi, je, alishindwa? Mwaka 2018 makala kuhusu kifafa na usubi huko Mahenge, iliyoonyesha kifafa bado kipo kwa wingi hata baada ya miaka ishirini ya kugawa dawa, jina la kwanza ni Bruno Mmbando wa NIMR. Mwaka 2006 kule Haydom, Mbulu, daktari wa Kimarekani Dilan Ellegala hakuishia kupasua vichwa vya wagonjwa halafu apande ndege. Alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi wa pale pale, kufanya upasuaji wa ubongo. Wakati huo nchi nzima madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mayegga akaweza. Hakuhitaji tangazo. Alihitaji mtu wa kusimama pembeni yake na kazi ya kufanya kesho yake.

Najua jibu la wakubwa. "Serikali inafanya mengi." Ni kweli, na tuyataje. Mwaka 2022 ulianza ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Vizuri sana. Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa. Vizuri pia.

Lakini tazameni mlichojenga. Mmemlipia kijana mwanzoni, anapoingia chuo. Mmemwandalia zawadi mwishoni, akishakuwa profesa mwenye makala kwenye jarida kubwa. Katikati, ile miaka saba au kumi ya kuwa mtafiti mchanga, hakuna kitu. Mmejenga ncha mbili za daraja na katikati ni mto! Hapo ndipo kijana anapozama. Na mji huu unajua habari ya kuzama, maana wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope.

Hebu tupige hesabu ya mtaani. Milioni 50 ya zawadi moja inawalipa vijana wawili milioni moja na nusu kila mwezi, mwaka mzima. Hiyo ni milioni 36. Zinabaki milioni 14 za vifaa na safari za vijijini. Zawadi moja, watafiti wawili, mwaka mmoja. Sisemi zawadi ifutwe. Nasema anayemzawadia mshindi ajue pia nani analipia mazoezi.

Wengine watasema pesa hakuna. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006, wakuu wakarudia Addis Ababa mwaka 2007, kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilituweka kwenye kama nusu ya hapo. Pesa ya warsha lakini ipo. Njoo Dodoma kipindi cha bajeti uone hoteli zilivyojaa: semina elekezi, warsha ya wadau, kongamano la kujadili kongamano. Chai ya saa nne, mkoba wenye nembo, posho, picha ya pamoja. Mtafiti kijana naye yupo, usiseme hayupo. Yupo mlangoni, anaandikisha majina ya wageni.

Wengine watasema vijana waende nje, huko ndiko kwenye maabara. Waende, nani kakataa. Lakini viza ya Schengen ni yuro 90 tangu mwaka 2024, ukinyimwa hurudishiwi, na kuiomba unashuka Dar. Angalau sasa kuna treni ya umeme. Mwaka 2022 mkutano mkubwa wa UKIMWI ulifanyika Montreal, na Waafrika kibao waliokuwa na kazi za kuwasilisha walikosa viza. Mkutano wa ugonjwa uliotuumiza sisi kuliko wote, sisi tukabaki nje. Halafu ukaja mwaka 2025. Januari Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Mei taasisi zao za afya, NIH, zikasitisha kutoa fedha mpya zinazopitia vyuo vyao kwenda kwa washirika wa nje mpaka utaratibu mpya upatikane. Julai USAID ikafungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulikuwa tumemtegemea nduguye kwa mishahara ya watu.

Wala msinidanganye kwamba sayansi ya ubongo lazima ianze na mashine ya mabilioni. Mwaka 2011 kikundi cha TReND kilianzisha mafunzo ya sayansi ya neva kwa vijana wa Kiafrika huko Ishaka, mji mdogo wa magharibi mwa Uganda, kwa kutumia wale inzi wadogo wa matunda. Ni rahisi kufuga, wanazaana haraka, na neva zao zinatufundisha mengi kuhusu zetu. Mwaka 2017 Nobel ya tiba ilikwenda kwa Wamarekani watatu waliosoma saa ya mwili kwa kutumia inzi hao hao. Mji wa Dodoma unalima zabibu na kuzivuna mara mbili kwa mwaka. Inzi wa matunda tunao wa kumwaga! Tunawafukuza kwa kitambaa.

Sasa basi, mtu anayelaumu aseme anataka nini. Nataka mambo matatu.

La kwanza, nafasi za watafiti wachanga Mirembe, Benjamin Mkapa na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ajira za mkataba wa miaka mitatu, zenye mshahara, mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina na swali moja la utafiti. Zitangazwe tarehe ile ile kila mwaka, na GPA isiwe mlango pekee. Fedha zianzie kwenye mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, kwa fungu linalofungwa kwa vijana ambalo profesa haruhusiwi kuliomba.

La pili, mlango mnao mkononi, utumieni. Utafiti wa tiba haufanyiki nchini bila idhini ya maadili ya NIMR, na mgeni anahitaji kibali cha COSTECH. Basi kila mradi wa nje uulizwe kabla ya muhuri: Mtanzania kijana gani atatoka hapa akiwa na shahada, na makala gani atakuwa mwandishi wa kwanza? Mradi usio na jibu urudi nyumbani ukajipange.

La tatu, mkutano mmoja kwa mwaka hapa Dodoma, Bunge la bajeti likiwa linaendelea. Siku mbili, ukumbi wa chuo, maji ya kunywa, bila mikoba. Vijana ndio wawasilishe, wabunge na maprofesa wakae wasikilize, na mwaka unaofuata mtu asimame aeleze nini kimefanyika kwa yaliyosemwa. Chama cha wanasayansi wa ubongo Afrika, SONA, kilikutana Entebbe mwaka 2017. Entebbe ina nini ambacho Dodoma haina, zaidi ya ziwa?

Nanyi vijana wenzangu msijifiche nyuma yangu. Kuna watu wana mafaili ya vyeti vya ushiriki kuliko kurasa walizowahi kuandika. Cheti cha kuhudhuria hakijawahi kumtibu mtu kifafa. Daini kazi, msidai picha ya pamoja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watafiti wetu wachanga hawana hata uwanja wa kuchezea kwao. Mpaka siku watakapoupata, ofisa wa serikali anayetusambazia tangazo la Ujerumani na kuliita fursa atuambie kwanza: la kwake liko wapi?

Nawasilisha.